Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Je, Hiki Ni Chakula cha Kithai cha Kweli?

Mgahawa wetu uko Mwanza, upande wa ziwani. Una meza kumi na moja na jiko ambalo mteja akigeuza shingo analiona lote. Tangu tufungue haipiti wiki bila wageni wawili kuniambia mambo mawili yanayopingana kuhusu sahani ileile. Mmoja anasema hiki ndicho alichokula Bangkok, na sauti yake inaonyesha amekikumbuka kweli. Wa meza ya jirani anasema tumechakachua. Wote wamekuja na njaa yao na pesa yao, kwa hiyo wote wanastahili kujibiwa. Majibu haya nimeyaandika mwenyewe, mimi ninayeshika mwiko.

Mpishi ni Mthai?

Hapana. Ni mimi, mzaliwa wa Kirumba. Nilifundishwa Dar es Salaam kwa miaka minne na mama mmoja wa Khon Kaen, mji wa kaskazini mashariki mwa Thailand, ukanda unaoitwa Isan. Mwaka wa kwanza mzima sikuruhusiwa kugusa karai. Kazi yangu ilikuwa kutwanga. Yeye anakata mboga amenipa mgongo, na mlio wa mchi ukibadilika tu anasema bila kugeuka, "Mchaichai bado una nyuzi." Nikiangalia kinuni, nyuzi zipo. Baadaye nilienda kwao, nikakaa wiki sita.

Nayasema haya mapema kwa sababu wapo wanaoingia, wanachungulia jikoni, wananiona mimi na vijana wangu wawili, mmoja wa Sengerema na mwingine wa Magu, halafu wanaondoka bila kuagiza. Inaniuma, sitaficha. Mkono hufundishwa, na wangu ulifundishwa na mtu asiyesamehe uzembe.

Sasa chakula chenu ni halisi au si halisi?

Kila sahani ina kitu kinachoibeba. Ukikitoa, sahani imekufa hata kama jina limebaki. Halafu ina vitu vinavyoweza kubadilika bila kuiua. Tom yum, ile supu yao yenye uchachu, bila ndimu, bila mchaichai na bila majani ya makrut, aina ya ndimu ya kwao, haipo tena. Lakini tom yum ya sangara badala ya kamba bado ni tom yum. Kwao wenyewe wanaipika kwa kuku, kwa uyoga, kwa samaki, na jina la kilichowekwa linaongezwa mwishoni: kung ni kamba, pla ni samaki.

Tom yum kung ndiyo UNESCO waliyoiingiza mwaka 2024 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na wapo wageni waliosikia habari hiyo wakaja kunidai kamba. Kamba ninaoweza kuwapata ni wa bahari. Wakifika Mwanza wamekaa kwenye barafu siku nyingi, na supu hiyo haina mahali pa kuficha samaki aliyechoka. Sangara wangu ametoka majini leo. Mwalimu wangu angeninyang'anya upawa kama ningemwacha sangara wa leo nikachukua kamba wa wiki iliyopita.

Kwa hiyo nabadilisha, na nikibadilisha nasema. Kubadilisha kimyakimya ndiko ninakokukataa.

Hizo nyota ndogo kwenye menyu ni za nini?

Nyota ina maana kwamba ndani ya sahani hiyo kuna kitu ambacho si kile ambacho kingetumika Thailand. Muulize mhudumu, atakuambia kipi.

Kwenye kari ya kijani, vile vibiringanya vidogo vya mviringo vya kwao sivipati, natumia ngogwe. Zina uchungu zaidi, na mimi naupenda uchungu huo ukikutana na tui. Sukari wanayoipika kwa utomvu wa minazi na mivumo nimeibadilisha kwa sukari guru. Ile mboga yao ya pak bung, inayokaangwa kwa moto mkali na vitunguu saumu, naipika kwa matembele. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, na shina la matembele machanga linakatika jinoni vilevile.

Vipo vingi visivyohitaji nyota yoyote, na hapo wageni wengi hushangaa. Mchaichai ni huuhuu tunaoutia kwenye chai. Ukwaju ni huuhuu. Yale maharage marefu ya kijani wanayoyaponda kwenye saladi ya papai ni aina ya kunde, ndiyo maana natumia kunde mbichi bila wasiwasi. Giligilani nayo ipo, ila Wathai hutwanga na mizizi yake. Mama anayeniuzia sokoni zamani alikuwa anaikata na kuitupa chini. Sasa ananiwekea pembeni, na nikichelewa huwaambia wenzake, "Yule wa mizizi hajapita."

Vitatu sibadilishi kamwe, na vikiisha naondoa sahani kwenye menyu mpaka vipatikane. Cha kwanza ni nam pla, maana yake maji ya samaki: dagaa wa baharini na chumvi, vikakaa mwaka au zaidi mpaka vitoe mchuzi wa rangi ya chai. Cha pili ni mzizi wa kha, wa jamii ya tangawizi. Usidanganyike na sura yake. Kha ina harufu ya msitu baada ya mvua, na ukiweka tangawizi mahali pake supu inanuka dawa ya mafua. Cha tatu ni majani ya makrut, yale yaliyoungana mawili mawili kama jani moja lililobanwa kiuno. Miti yake mitatu tunayo nyuma ya jiko, kwenye ndoo za rangi zilizokwisha. Ukitaka kuinusa, omba.

Mnaweka kivumbasi kwenye nyama?

Wengi wanauliza wakila pad kaphrao, nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa pilipili na majani. Pua zenu hazijakosea. Jani hilo ni ndugu wa kivumbasi na wa mrehani pia. Mbegu nilipewa na mwalimu wangu, na tunapanda wenyewe. Kivumbasi chetu nilikijaribu siku moja mbegu zilipochelewa kuota. Kilishinda kila kitu sahanini, sikurudia.

Mbona kari yenu tui limekatika?

Hili ndilo lalamiko ninalolipenda, kwa sababu anayelitoa anajua kupika. Mara nyingi ni mtu wa Tanga au Zanzibar, au aliyeolewa huko. Anaangalia bakuli, anaona mafuta yanaelea juu, anatikisa kichwa. Siwezi kumlaumu. Sisi sote tuliofundishwa kutia nazi tumeambiwa moto uwe mdogo na mkono usiache kukoroga, tui lisikatike. Likikatika ni aibu ya mpishi.

Kari ya Kithai inakwenda kinyume. Tui zito linaingia karaini peke yake na linaachwa lichemke mpaka likatike kwa makusudi, mafuta yake yatoke yenyewe. Ndani ya mafuta hayo ya nazi ndipo unapokaangwa ule mchanganyiko uliotwangwa: pilipili, vitunguu, kha, mchaichai, mizizi ya giligilani. Sauti ya karai inakuongoza. Mwanzo inagugumia kama uji, halafu ghafla inakuwa kavu, inachachatika, na harufu inafika mezani. Hapo ndipo tui jepesi linafuata, na nyama au samaki. Yale mafuta mekundu au ya kijani yanayoelea ndiyo ushahidi kwamba hatua hiyo haikurukwa.

Hii ndiyo sababu nakuna nazi kwa mbuzi kila asubuhi. Tui la boksi mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikanisha, kwa hiyo hata ulichemshe vipi haliachii mafuta. Nazi zetu zinakuja kwa lori kutoka Pwani, na zikichelewa njiani siku hiyo kari hakuna.

Lakini kuna sahani ambayo mlalamikaji wangu wa Tanga angekuwa na haki kabisa. Tom kha, ile supu nyeupe ya nazi na kuku, tui lake halitakiwi kukatika. Ukiliona limekatika humo, nirudishie.

Mgeni mmoja Mthai alisema saladi yenu ya papai siyo, na mwingine akasema ndiyo yenyewe. Nani mkweli?

Wote wawili. Nilikuwepo siku zote mbili.

Saladi hiyo inaitwa som tam, na inatwangwa kinuni. Papai bichi lililochanwa nyuzi nyuzi, vitunguu saumu, pilipili kichaa, nyanya ndogo, kunde, ndimu. Mgeni wa kwanza alitoka Bangkok. Amezoea ile inayoitwa som tam Thai, yenye karanga, uduvi wakavu na utamu wa kutosha. Mimi nilimletea ya Isan, nyumbani kwa mwalimu wangu, isiyo na karanga wala utamu mwingi, iliyotiwa pla ra. Aliinusa, akaweka kijiko chini kwa adabu, akasema hii si som tam. Miezi michache baadaye akaja dada mmoja wa Isan aliyekuwa akipita Mwanza kikazi. Alikula sahani mbili, akaomba maji ya kunawa ili ale kwa mkono.

Pla ra ni samaki wa maji baridi waliolazwa kwenye chumvi na mchele au pumba zilizokaangwa, kwa miezi mingi. Harufu yake ni kali, kwa wengine ni uvundo. Isan haina bahari. Ina mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, na watu wake walihifadhi samaki waliokuwa nao, kama sisi tunavyoanika furu na dagaa. Nilipolielewa hilo niliacha kuagiza pla ra kutoka nje. Natengeneza mwenyewe kwa samaki wadogo wa ziwa hili, inakaa miezi minane kwenye chungu, na naichemsha vizuri kabla haijaingia kwenye chakula. Kwa maoni yangu ndicho kitu cha Kithai kuliko vyote jikoni kwangu, na hakuna kilichosafiri ndani yake.

Siku hizi mhudumu anakuuliza kwanza: ya Bangkok au ya Isan? Tungefanya hivyo tangu mwanzo, yule mgeni wa kwanza asingelala na njaa.

Tom yum niliyoinywa kwingine ilikuwa nyeupe kama ina maziwa. Yenu mbona maji?

Zipo mbili. Ya maji maangavu inaitwa nam sai, na ya mchuzi mzito inaitwa nam khon, ambayo hutiwa maziwa ya kopo na pilipili za kukaanga. Zote ni zao, ila ya maji ndiyo ya zamani zaidi. Sisi tunapika ya maji. Ukitaka ya maziwa, sema unapoagiza.

Wali haujaungwa, hauna hata chumvi. Mmesahau?

Hatujasahau. Thailand wali wa mezani hupikwa kwa maji matupu. Hauna chumvi, hauna mafuta, hauna nazi. Chumvi yote iko kwenye vitoweo, kwa sababu nam pla ni chumvi tupu, na wali upo ili kupoza. Ukiula peke yake utaona umepooza. Ukiula na kari, kijiko kwa kijiko, utaona ungeharibika kama ungeungwa. Heshima ya wali kule ni kubwa. Salamu yao ya kawaida, kama sisi tunavyouliza habari za kutwa, ni kuuliza kama umeshakula wali.

Mchele ninaoutumia siku nyingi ni wa Magu au Kahama. Ule wa kwao wenye harufu ya maua ninao, nauagiza. Nilifanya majaribio ya muda mrefu na wageni wa kawaida, na mchele wetu mpya, wa msimu huu, ulishinda mara nyingi mchele wao uliokaa ghalani. Hata hivyo umepewa nyota, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Sato wa ziwani ana uhusiano gani na Thailand? Si mmejitungia tu?

Hapa nitakaa kidogo.

Wiki yangu ya pili Khon Kaen, jioni, mwalimu wangu alinipeleka kwenye soko la barabarani. Moshi, taa, watu wamekaa kwenye viti vifupi vya plastiki. Kwenye wavu wa mkaa walikuwa wamepangwa samaki wameviringishwa chumvi nyeupe mwili mzima, na mkia wa mchaichai unachungulia mdomoni. Muuzaji akampasua mmoja, akaifunua ngozi na chumvi yake kama unavyovua soksi, ndani nyama nyeupe inatoa mvuke. Nikaangalia kichwa, mapezi, ile mistari ya mkiani. Nikamwambia mwalimu wangu, huyu ni sato. Akasema hapana, huyu ni pla nin. Tukabishana mpaka muuzaji akatuletea mmoja mbichi kutoka kwenye beseni. Nilimshika. Nimeparua samaki huyo tangu nina miaka sita, siwezi kumkosea.

Ni yeye kweli, sato, samaki wa mto Nile. Mwaka 1965 Akihito wa Japani, wakati huo akiwa mwana mrithi wa mfalme, alimtumia Mfalme Bhumibol wa Thailand samaki hawa 50. Walifugwa kwenye bwawa la kasri, wakazaana, na mwaka uliofuata vifaranga vikapewa idara ya uvuvi ili visambazwe kwa wananchi. Leo ni samaki wa maji baridi anayefugwa kwa wingi kuliko wote nchini humo, na huyo wa kuchoma kwa chumvi, pla phao, yuko kila kona.

Halafu geuka uangalie huku kwetu. Sato huyu naye hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, kama sangara. Wazee wa Ukerewe bado watakuambia samaki wa asili alikuwa ngege, na wanapolitaja jina hilo wanapunguza sauti kama wanaomzungumzia marehemu. Kwa hiyo samaki ambaye Mwanza nzima inamwita wetu, na ambaye Isan nzima inamwita wao, alifika kote kuwili karibu kizazi kimoja, akiwa mgeni. Mtu akiniambia sato wa kuchoma kwenye menyu yangu ni uongo wa kibiashara, namwomba akae, nimpasulie mmoja.

Sangara naye ana habari yake. Samaki wa kapong, anayepikwa kwa mvuke, ndimu na vitunguu saumu kwenye migahawa mingi ya Thailand, ni wa jenasi moja na sangara, inayoitwa Lates. Wa kwao anaishi baharini na mitoni, wetu ziwani. Sahani hiyo kwetu ina nyota, ila ni nyota ninayoiweka kwa moyo mweupe.

Pad Thai ndiyo chakula chao cha asili, sivyo?

Ni chakula chao, naam, lakini si cha kale. Kuna watu waliozaliwa kabla yake. Tambi za mchele na mtindo wa kuzikaanga karaini vilikuja na Wachina. Serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1938 na ambaye wakati wake nchi iliacha jina la Siam ikaitwa Thailand mwaka 1939, ndiyo iliyozipigia debe tambi hizo kama chakula cha taifa. Ukwaju, nam pla, karanga na sukari ya utomvu ndivyo vilivyozifanya za kwao.

Mgeni akiniambia pad Thai yangu haifanani na ile ya London, namwuliza ilikuwa na rangi gani. Akisema nyekundu, basi ilitiwa tomato sosi. Yangu ni ya kahawia kwa sababu ya ukwaju, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja.

Kwa nini pilipili ni kali hivi? Au, kwa mwingine: kwa nini si kali?

Kwenye daftari la maoni, ukurasa mmoja, maoni haya mawili yamefuatana. Tunaweka pilipili kichaa, ileile ya Kithai kwa ukali na kwa umbo. Pilipili mbuzi hatuweki, si kwa sababu ya ukali, ila harufu yake ya tunda inapotosha kari. Unapoagiza taja idadi: moja, tatu, tano. Mwalimu wangu alikula kumi na tano.

Na kama unaamini pilipili ndiyo roho ya Thailand tangu enzi, kumbuka mmea huo ni wa Amerika. Wareno walifika Ayutthaya, mji mkuu wao wa enzi hizo, mwaka 1511, na pilipili ikaingia karne hiyo ya 16. Kabla ya hapo ukali ulitoka kwenye pilipili manga na ndugu zake. Hata papai la som tam lilitoka Amerika. Na mahindi ya ugali wetu yalitoka hukohuko. Bibi zetu wa Usukumani walisaga mtama na uwele. Sijawahi kumsikia mtu wa Mwanza akisema ugali wa mahindi si halisi.

Mna kitimoto? Chakula ni halali?

Kitimoto hatuna, nyama yote ni halali, na pombe haiingii kwenye chakula. Thailand ina Waislamu wengi, hasa kusini, na kari ya massaman inaaminika imepata jina lake kutokana na neno Mwislamu. Ina iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba na kungumanga, pamoja na viazi na karanga. Kila mtu akiionja mara ya kwanza anasema inamkumbusha pilau.

Sili nyama wala samaki. Nina mzio wa karanga. Nitakula nini?

Tafadhali soma hapa kwa makini. Nam pla imo karibu kila mahali, hata kwenye sahani inayoonekana ni mboga tupu, na mchanganyiko wa kari una uduvi uliosagwa. Usiposema, utakula samaki bila kujua. Ukitupigia simu asubuhi, tunatwanga mchanganyiko wa peke yako, wa chumvi na soya.

Kwa mwenye mzio wa karanga jibu langu ni gumu: usije kula kwetu. Karanga zinapondwa kwenye vinu vilevile, na siwezi kukuhakikishia usalama wako.

Vijiti vya kulia viko wapi?

Wathai hutumia vijiti kwa tambi, hasa za supu. Wali wanakula kwa kijiko mkono wa kulia na uma mkono wa kushoto, uma ukisukuma chakula kwenye kijiko. Ndicho utakachopewa.

Naweza kula kari kwa ugali?

Unaweza, na usione haya kuagiza. Kuna wateja walioniambia tunajishusha kwa kuweka ugali kwenye menyu. Siafiki. Isan hawali kama Bangkok. Wanakula wali wa kunata kwa mkono, wanaukata tonge, wanaufinya, wanachovya kwenye kitoweo. Nilipokaa nao mara ya kwanza mkekani sikuhitaji kufundishwa chochote, vidole vilikuwa vinajua. Ugali wa muhogo na som tam ya Isan ndio mlo wangu mwenyewe tukishafunga jiko.

Kwa kari ya kijani nakushauri uchukue wali. Ugali unameza tui lote.

Mna sahani ya samaki mbichi, ile ya huko Isan?

Hatuna na hatutakuwa nayo. Sahani hiyo ipo, wanaiita koi pla, na imeumiza watu wengi kwao. Samaki wabichi wa maji baridi wa ukanda ule wana minyoo inayokaa kwenye njia za nyongo, na miaka ikipita huleta saratani. Serikali yao yenyewe inahimiza watu wapike samaki. Uhalisi wa namna hiyo sitaki kuubeba.

Mbona bei iko juu kuliko mgahawa wa kawaida?

Nam pla inafika Dar es Salaam kwa meli, halafu inasafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka hapa. Nazi nazo ni hivyohivyo. Sato na mboga ni za hapa, na ukiangalia menyu utaona sahani hizo bei yake ni ya chini. Ukitaka kula vizuri kwa pesa kidogo, agiza sato na matembele.

Mna alama ya kuthibitishwa na serikali ya Thailand?

Hapana. Alama hiyo ipo, inaitwa Thai Select na inatolewa na Wizara ya Biashara yao. Tangu mwaka 2002 serikali hiyo imekuwa na mpango wa kusambaza migahawa ya Kithai duniani. Hatujaomba. Ukimwona mtu anatusemea kwamba tunayo, amekosea.

Nisiporidhika nifanyeje?

Niite. Niko hatua kumi kutoka mezani kwako. Kama sahani ina kosa la jiko, napika nyingine bila malipo. Kama ni tofauti ya mapokeo, nitakueleza kwa nini iko hivyo na utaamua. Daftari la maoni liko mlangoni pia, na huwa nalisoma lote siku ya Jumatatu, tunapofunga.

Nina mgeni Mthai, nataka nimlete. Niagize nini?

Kwanza muulize anatoka mkoa gani, usiseme tu "Thailand". Akiwa wa kusini nitamtengenezea kari kali ya manjano ya samaki, isiyo na tui. Akiwa wa Bangkok, kari ya kijani. Akiwa wa Isan, nipigie siku moja kabla, maana mchele wa kunata unalowekwa usiku kucha, na sato wa kuchomwa namchagua mwenyewe soko la samaki la Mwaloni alfajiri.